Hisa za Kuchungiwa

Karatasi tatu zilitoka kwenye printa zikiwa na joto, na Precious akazigonga-gonga mezani zikae sawa kabla ya kuzibana pini. Kazi ya stationery pale karibu na stendi ya Bariadi ndiyo hiyo: asubuhi vyeti vya kuzaliwa, mchana barua za kuomba kazi, jioni picha za pasipoti za watu wasio na safari yoyote. Hakuwa na tabia ya kusoma karatasi za wateja. Lakini mteja wa siku hiyo alikuwa mwalimu Josia, mstaafu aliyemfundisha hesabu darasa la tano, na maandishi ya BRELA, wakala wa kusajili makampuni, yalikuwa makubwa kuliko subira yake.

Kampuni inaitwa Malunde Mawili Limited. Wakurugenzi wawili. Wenye hisa wawili. Rhoda fulani wa Bariadi ana hisa ishirini. Zengo Masunga, mkulima, wa Itilima, ana hisa themanini.

Zengo Masunga ni baba yake Precious.

"Mwalimu," alisema polepole, "hii kampuni ndiyo ipi?"

"Ndiyo iliyofunga kufuli kwenye ghala letu, binti yangu." Mwalimu Josia alikuwa mwenyekiti wa kamati ya usimamizi ya chama cha ushirika cha kijiji chao, na alikuwa ametoa nauli na ada mfukoni mwake ili ajue mwenye kampuni ni nani. "Nilidhani nitakuta jina lingine. Nimekaa hapo nje kwenye benchi karibu nusu saa nikijiuliza nikachapishe kwingine. Nikaona bora uione leo kwangu kuliko kuisikia Alhamisi mkutanoni."

Precious alitaka kukataa hela yake. Mwalimu akaiweka mezani na kuisukuma kwa kidole.

"Chukua, chukua. Nisije nikaambiwa na mimi nimependelewa."

Alipoondoka, msichana alibaki ameshika kibanio cha pini kama mtu aliyesahau kinatumikaje. Kisha akamwomba mwenye duka ruhusa, akadanganya kwamba mama anaumwa.


Kwa Zengo ni mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Lagangabilili, makao makuu ya wilaya ya Itilima. Nyumba ni ya matofali ya kuchoma, vyumba vitatu, na wiki ile chumba cha tatu, sebule na nusu ya jiko vilikuwa vimejaa pamba. Iliyokosa nafasi ilikuwa uani chini ya turubai. Precious alifika jua likiwa bado juu, akamkuta mama yake, Nyanjige, anageuza pamba iliyolowa juu ya mkeka. Alikuwa akiinua fungu, analinusa, analirudisha.

Kijiji kizima kilikuwa hivyo. Wanachama wa Jembe Halimtupi, maana ndilo jina la AMCOS yao, chama chao cha ushirika, na mwaka huo lilikuwa kama utani mbaya, walikuwa na ghala lao. Walilijenga wenyewe. Wanawake walibeba mchanga kwa ndoo kutoka mtoni, wanaume walivunja mawe, na bati zilinunuliwa kwa kukatwa kidogo kidogo kwenye kila kilo ya pamba misimu mitatu mfululizo. Mwezi wa tano walipoanza kupeleka mavuno, walikuta kufuli jipya na ndani magunia ya dengu za watu. Karani akawaambia ghala limekodishwa kwa miaka kumi na mitano. Kwa nani? Kwa Malunde Mawili. Malunde Mawili ni nani? Karani akasema yeye ni karani tu. Kisha zikanyesha mvua mbili ambazo hakuna aliyezitegemea, pamba ikalowa nje ya ghala huku wenye ghala wakitazama, na pamba safi ikawa fifi, daraja ambalo mkulima hapendi hata kulitamka.

Zengo alikuwa chini ya upenu, anasafisha pampu ya kupulizia dawa.

"Mwadila, baba."

"Mwadila, mayu. Mbona siku ya kazi?"

"Baba, wewe ni mkurugenzi?"

Akacheka. "Mkurugenzi wa nini? Wa hii pampu?"

Precious akampa simu, picha ya karatasi ikiwa imekuzwa. Zengo alisoma kwa midomo, jina lake akalisoma mara mbili, halafu uso wake ukatulia. Utulivu huo ndio uliomtisha binti yake kuliko kitu chochote.

"Aa, hizo," alisema. "Hizo si zangu. Namchungia mtu."

Asiyejua Usukuma angeona ni jibu la mwendawazimu. Lakini kule mtu mwenye akili haweki ng'ombe wake wote kwenye zizi moja. Ukimkuta mtu ana ng'ombe arobaini, huenda wake ni kumi na wawili; waliobaki ni wa shemeji, wa rafiki, wa mjane wa kijiji cha tatu. Ugonjwa ukiingia zizi hili, wa zizi lile wanapona. Mkwe mwenye tamaa akija, anakuta wachache. Mwenye zizi anakunywa maziwa, anapata samadi, na miaka ikienda anapewa mtamba wa shukrani. Sharti ni moja: hasemi. Ukimuuliza hawa ni wa nani, atakujibu kwamba wapo. Mchungaji anayetaja wenye ng'ombe ni mtu ovyo, na hakuna atakayempelekea hata mbuzi.

Basi miaka miwili iliyopita Machibya, mwenyekiti wa bodi ya AMCOS, alimwita Zengo, mjumbe mwenzake wa bodi. Akamwambia anafungua kampuni ndogo ya dengu na dawa za pamba, na hataki jina lake lionekane kwa sababu watu wana maneno. Shemeji yake Rhoda atashika kidogo. "Hizi nyingine zikae zizini kwako, ng'wana Masunga. Ni kama ng'ombe tu." Zengo alisaini kila palipowekwa alama ya kalamu. Hakuona aibu, aliona ameaminiwa. Alipewa pampu mpya na mfuko wa mbolea kila msimu, naye akavihesabu kuwa ndiyo maziwa yake.

"Za nani?" Nyanjige aliuliza kutoka mkekani.

Zengo akaweka pampu chini. Hata mke wake alikuwa hajamwambia. Lakini mtoto alikuwa ameshasafiri na picha imo kwenye simu.

"Za Machibya."

"Na ghala?"

"Aliniletea karatasi nisaini, nikasaini. Nilidhani ni mambo ya dawa." Akashika tena mrija wa pampu. "Nilijua siku ya kufuli."

Nyanjige alisimama, fungu la pamba mkononi. "Ulijua siku ya kufuli. Na mimi wiki ya pili hii nanusa pamba hapa mbele yako."

Hakupiga kelele. Ilikuwa afadhali angepiga. Zengo alihisi aibu ikimpanda kutoka miguuni, na alistahili kuihisi.


Kesho yake asubuhi alikwenda Lagangabilili, ofisini kwa Machibya, chumba cha nyuma ya duka lake la pembejeo. Miaka yote alikuwa akiingia moja kwa moja. Safari hii kijana wa kaunta alimwambia asubiri, akasubiri kwenye benchi la wateja mpaka watu watatu waliokuja baada yake wakaingia na kutoka. Ndipo mwenyekiti mwenyewe akaja mlangoni, mtu mnene, mpole, mwenye kucheka vizuri, akamshika mkono kwa mikono miwili.

"Mwangaluka, ng'wana Masunga. Samahani sana, nilikuwa na mambo. Mletee chai huyu."

Chai ikaja. Zengo hakuigusa.

"Mwalimu Josia ametoa karatasi," alisema.

"Nimesikia. Josia ana muda mwingi, wastaafu ndivyo walivyo." Machibya akaketi. "Alhamisi wataniuliza, na mimi nitasema kilichoandikwa. Jina langu halimo. Lako limo."

"Hisa si zako?"

"Ni zangu mimi na wewe tukiwa hapa. Kule mkutanoni ni za aliyeandikwa. Nisikilize kwanza. Watakusema, watakutoa kwenye bodi, yataisha. Watu wana pamba ya kuuza, hawana nafasi ya kumchukia mtu mpaka Krismasi. Mimi nikibaki kwenye kiti nitakutetea. Tukianguka wote wawili, nani atamtetea nani?"

"Nitaonekana mwizi wa ghala."

"Mwezi mmoja tu."

"Mwenyekiti, mimi nilikuchungia kwa heshima."

"Na mimi nakuchungia kwa heshima." Machibya alikoroga chai yake bila haraka. "Saba sasa, sivyo? Kule Lingeka kwa mdogo wangu Mboje. Miaka minane, na sijamwambia binadamu yeyote kwamba ni wa nyumba yenu. Hata Mboje anajua tu kwamba wako zizini. Hakuna karatasi, hakuna shahidi. Ni mdomo wangu na wako."

Alisema hivyo kwa sauti ile ile ya kumkaribisha chai. Zengo alikuwa mtu wa polepole, lakini hakuwa mjinga. Aliaga, akasahau kofia yake, akaona aibu kuirudia.

Wale ng'ombe hawakuwa hata wake. Walikuwa wa Nyanjige. Alianza na mtamba mmoja, alioununua kwa mpunga wa jaruba lake mwenyewe, na kwa kuwa Itilima mashamba yamemeza malisho yote, Zengo akaomba wakae kwa Machibya, kule Lingeka kwenye mbuga za Meatu zenye nyasi. Wawili kati ya hao saba wangeuzwa mwezi wa tisa, Precious aende chuo cha uuguzi. Waliobaki ndio uzee wao.


Jumatano Zengo alibeba marobota mawili kwenye baiskeli mpaka kituo cha kupimia, ambacho sasa kilikuwa mizani tu iliyotundikwa nje ya ghala. Mwalimu Josia hakuwa amemwambia mtu. Lakini lisemwalo lipo, na kwa Lagangabilili likisemwa saa tatu, saa nne limefika shambani. Foleni ilikuwa ndefu. Mtu mmoja alipomwona akavua kofia.

"Mpisheni mkurugenzi!"

Foleni ikafunguka. Watu walirudi nyuma pande zote mbili kwa adabu, wengine wakiinama. Zengo alibaki katikati ameshika baiskeli yake.

"Nitafuata zamu," alisema.

"Mkurugenzi hana zamu, mzee. Pita, pita, sisi ni wapangaji wako."

Ikabidi apite. Karani, ambaye wiki nzima alikuwa mtu wa kufoka, alimwambia "weka mzigo, bosi" huku akitazama chini. Akaingiza mkono kwenye robota, akatoa fungu, akalikamua. Akaandika fifi.

"Hata mwenye ghala imemlowa!" akasema yule wa kofia, na watu wakacheka sana. Aliyekosa kucheka ni bibi Salu, jirani yao wa miaka yote, aliyekuwa amekaa juu ya mzigo wake mdogo.

"Mimi nilibeba mchanga wa hili ghala nikiwa na kidonda mguuni," alimwambia Zengo. "Wewe ndiye uliyekuwa ukihesabu ndoo."

Kilichomuuma ni kwamba ilikuwa kweli. Alihesabu ndoo, na za Salu alizihesabu moja zaidi kwa sababu ya kile kidonda. Sasa hakukuwa na jinsi ya kulisema hilo.

Alasiri alimsaidia mke wake kutandaza pamba. 

"Nikimtaja, ng'ombe wamekwenda," alisema Zengo.

"Najua."

"Ni wako."

"Najua ni wangu. Nani alikwambia nimesahau?"

"Basi niambie nisimtaje."

"Sikwambii." Nyanjige alifuta jasho kwa mkono uliojaa nyuzi. "Ukinyamaza kwa ajili ya ng'ombe wangu, utaniambia mpaka nife kwamba ulikubali kuitwa mwizi kwa sababu yangu. Huo mzigo siubebi. Na ukimtaja nitalia, nisikudanganye. Nitalia wiki nzima."

"Mchungaji hasemi, mama Precious. Baba yangu alichunga ng'ombe za watu miaka thelathini. Amekufa nazo mdomoni."

"Baba yako alichunga vizuri. Ng'ombe hakuwahi kuingia shamba la mtu." Aligeuza fungu, akalinusa, akalitupa pembeni kwenye rundo baya. "Ng'ombe akila mtama wa jirani, jirani anakuja kwa mchungaji na fimbo. Anauliza ni wa nani. Hapo hata baba yako angesema."

Zengo akaliokota lile fungu, akalinusa na yeye. Alilala na hilo neno, akaamka nalo.


Mkutano mkuu wa wanachama ulifanyika kwenye kivuli cha ukuta wa ghala, kwa kuwa ndani kulikuwa na dengu. Watu mia na zaidi walikaa juu ya marobota, mawe na ndoo zilizopinduliwa. Bi. Anna, Afisa Ushirika wa wilaya, alikuja na daftari kubwa. Alikuwa mwanamke mfupi asiyependa makofi, na alipopigiwa aliinua mkono wakome.

Mwalimu Josia alisoma karatasi za BRELA kwa sauti ya darasani. Kisha akasoma mkataba wa ghala.

"Kwa upande wa AMCOS, mkodishaji, wamesaini wawili. Machibya, mwenyekiti. Zengo Masunga, mjumbe. Kwa upande wa kampuni, mpangaji, amesaini mmoja." Akavua miwani. "Zengo Masunga."

Kicheko kikalipuka kutoka nyuma.

"Alijikodisha yeye kwa yeye!"

"Walielewana bei?"

Bi. Anna alisubiri. "Jamani, sheria iko wazi. Mjumbe wa bodi mwenye maslahi upande wa pili anasema mapema, anatoka nje, wenzake wanaamua. Mzee Zengo, wewe ulisema? Ulitoka?"

"Angetokea wapi?" alidakia yule wa kofia. "Akitoka mlango huu yuko mlangoni kule anajipokea!"

Machibya alisimama, uso umejaa huzuni. Alisema ameumia sana. Alisema bodi ilimwamini mwenzao, na yeye kama mwenyekiti alisaini kwa nia njema bila kujua nani yuko nyuma ya kampuni. Aliomba wanachama wasiwe na hasira, maana Zengo ni mtu mzima mwenye familia, aondoke kwenye bodi kwa amani na kazi iendelee. Baadhi walimpigia makofi. Mtu anayemwombea mwenzake msamaha huonekana mwema, hata kama kosa ni lake.

Zengo akasimama. Akashika usukani wa baiskeli ya jirani.

"Jina ni langu na saini ni zangu, ya kampuni na zote mbili za mkataba," alisema. "Mfuko wa mbolea nilipokea, na pampu. Siku ya kufuli nilijua, nikanyamaza. Hayo ni makosa yangu. Lakini hisa si zangu. Ni za mwenyekiti. Namchungia."

Neno hilo la mwisho kila mtu alilielewa, hata watoto. Minong'ono ilikwenda mpaka mwisho wa ukuta na kurudi.

"Ni uongo," alisema Machibya kwa upole. "Amebanwa, namsamehe. Anioneshe karatasi."

Bi. Anna alifungua kalamu. "Mwenyekiti, naandika kwenye muhtasari, kwa hiyo nijibu taratibu. Una hisa yoyote katika kampuni hii, kwa jina lako au kwa jina la mtu mwingine?"

"Sina."

"Kuna makubaliano yoyote, ya maandishi au ya mdomo, kati yako na Zengo?"

"Hakuna. Kampuni ni ya Zengo, ndivyo ilivyoandikwa."

Hapo Nyanjige akainuka upande wa wanawake. Alikuwa mwanachama kwa namba yake mwenyewe, na kwa miaka yote hajawahi kusema lolote mkutanoni zaidi ya kuomba watu wa mbele wapunguze kelele. Uso wake ulikuwa mgumu. Alijua bei ya anachotaka kusema, na aliijua kwa majina, maana kila ng'ombe alikuwa amempa jina.

"Mwenyekiti, mimi sijasoma. Naomba unisaidie kidogo. Huyu ng'ombe aliyelala kwenye ghala letu, ni wako?"

"Mayu, si wangu."

"Hata mguu mmoja?"

"Nimesema si wangu. Ni wa mumeo." Sasa alikuwa ameanza kukasirika, na mbele ya daftari lililofunguliwa hakuwa na jibu lingine.

Nyanjige aliwageukia watu. "Mmesikia?"

"Tumesikia!"

"Kwetu, mtu akimkana ng'ombe mbele ya watu, ng'ombe anabaki kwa nani?"

"Kwa mwenye zizi!" Bibi Salu ndiye aliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote.

"Basi, baba Precious," alisema Nyanjige, "umepewa ng'ombe. Mtoe kwenye shamba la watu."

Zengo, kama tulivyosema, ni mtu wa polepole. Alimtazama mke wake, akamtazama mwenyekiti, ambaye rangi ilikuwa imeanza kumtoka kwa sababu yeye alikuwa ameelewa haraka zaidi. Kisha akamgeukia Bi. Anna.

"Mama, kwa hizo karatasi, mimi ninaweza kuuvunja huu mkataba?"

Bi. Anna alipekua kurasa akitafuta cha kumzuia, akakikosa. "Wewe ni mkurugenzi, una hisa themanini katika mia, na wewe ndiye uliyesaini. Wenye ghala ni hawa hapa. Pande zote mbili zikikubali kuumaliza, umekwisha."

"Upande wa kampuni nakubali."

"Upande wa AMCOS?" aliuliza mwalimu Josia, na swali halikuwa na haja. Mikono ilikuwa imeshasimama.

"Hawezi!" Machibya aliruka. "Hawezi kufanya hivyo bila..." Akasimama hapo hapo. Watu mia na zaidi walisubiri amalizie bila nani. Hakumalizia. Bi. Anna alikuwa ameinua kalamu, anamtazama kwa heshima yote.

Waliandika kwenye karatasi mbili za daftari la shule. Zengo alisaini kwa kampuni. Kwa AMCOS mkutano ulimteua mwalimu Josia, safari hii mtu mwingine kabisa. Kufuli likafunguliwa. Dengu zikatolewa gunia kwa gunia na kufunikwa turubai, maana mkulima hawezi kuacha chakula kinyeshewe hata kiwe cha nani, kisha watu wakaanza kuingiza pamba yao kwa vigelegele.

Lakini kabla ya kufuli kufunguliwa kulikuwa na ajenda moja. Bi. Anna alisema bodi yote ikae pembeni kupisha uchunguzi, na kwa Zengo, aliyekiri mwenyewe, hakuna uchunguzi unaohitajika, wanachama wapige kura. Walimshukuru kwa maneno mazuri na kumfukuza kwenye bodi kwa mikono ile ile. Nyanjige naye alinyoosha wake. Alikuwa mwanachama, na pamba iliyooza ilikuwa ya kwake.


Zikapita siku tisa. Machibya hakupiga simu wala hakutuma mtu. Zengo akakodi bodaboda mpaka Lingeka, safari ya kutwa, vumbi mpaka kwenye kope. Alifika ng'ombe wanarudi.

Mboje alimpokea vizuri, akampa kigoda na maji. Waliulizana habari za mvua, za watoto, za bei ya pamba. Zengo aliwaona wakipita mbele yake mmoja mmoja kuingia zizini, na kila aliyempita alimjua. Jike moja jeusi lenye baka jeupe kwenye paji lilisimama kidogo, likamtazama, likaendelea. Nyuma yake kulikuwa na ndama ambaye miguu yake bado haijapata akili.

"Nimekuja kuchukua ng'ombe za mama Precious," alisema hatimaye. "Saba."

Mboje aliinama, akachora mchanga kwa kijiti. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mdogo wa mtu.

"Kaka amepiga simu. Amesema hapa hakuna ng'ombe wa mtu wa Itilima." Alichora, akafuta. "Amesema ukija nikuulize kama una karatasi."

Zengo alikaa hapo mpaka maziwa yalipokamuliwa. Mboje akampa kibuyu kizima cha maziwa bila kumtazama usoni. Akakataa, halafu, kwa kuwa njia ilikuwa ndefu na hakuwa amekula, akanywa.

Alirudi nyumbani kesho yake mchana. Nyanjige alikuwa mlangoni anapepeta choroko. Nyumba ilikuwa na nafasi sasa. Pamba yote ilikuwa ghalani. Alimwona mume wake anakuja peke yake kutoka mbali, na alikuwa na muda wa kutosha kuelewa kabla hajafika.

"Umewaona?"

"Nimewaona wote. Wamenenepa." Zengo alikaa kwenye kizingiti, akavua viatu. "Yule mweusi mwenye baka amezaa."

Ungo ukasimama. "Dume?"

"Jike."

Nyanjige alipumua kwa nguvu, machozi yakamtoka, naye hakuyafuta kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa imeshika ungo.

"Basi wanane," alisema, akaendelea kupepeta.